Nyumba ya Mbale na Mdomo wa Haji

Shemeji yangu Haji, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ana sauti ya kuwaita watu kwenye sala bila kipaza sauti, na sauti hiyo nusura initoe katika nyumba yangu mwenyewe. Nasema yangu. Kiwanja nilikinunua mimi kwa mshahara wangu, kabla ya vita, wakati shilingi bado ilikuwa na heshima yake. Mume wangu alitoa matofali na mafundi, mimi nikatoa kiwanja, saruji na mabati, na hati ikaandikwa jina langu kwa sababu mnunuzi nilikuwa mimi. Haji hajalimeza jambo hilo mpaka leo. Akiitaja husema "nyumba ya ndugu yangu," na mimi kila nikimsikia damu inanipanda kichwani.

Mimi ni mzaliwa wa Budondo, nje kidogo ya Jinja. Kazi yangu ilikuwa metroni, mlezi wa wasichana katika bweni la shule moja ya Jinja, na nimeifanya tangu ujana mpaka mvi. Mume wangu alikuwa mtu wa Mbale, mwenye lori, mnunuzi wa mahindi. Tuliishi hivyo: mimi na binti yetu kwenye nyumba ya shule, yeye barabarani, na likizo zote tunakutana Mbale, kwenye nyumba yetu upande wa Namatala. Wenzangu walinicheka kwamba nimejenga mbali na kazi. Wacheke. Nyumba ya shule si yako hata ukaipaka rangi kwa mkono wako. Siku ya kustaafu unarudisha ufunguo na kusema asante. Nilijenga Mbale ili siku hiyo nisiwe na mtu wa kumpigia magoti.

Halafu vita vikaja. Jeshi la zamani lilikuwa linakimbia, jeshi jipya linakuja nyuma yake, na sisi raia tupo katikati. Mume wangu siku hizo alikuwa Busiu, kwenye barabara ya Tororo, anapakia mahindi ya mama mmoja mfanyabiashara, Mwislamu mwenzetu, mjane anayelea watoto peke yake. Magunia arobaini. Yule mama hakuchukua hata senti ya mbele. Alimwamini, wamefanya biashara miaka. Mapatano yalikuwa auze Jinja, akirudi amlipe. Hakufika Jinja. Wanajeshi wanaokimbia walimsimamisha njiani wakamwambia shuka, akashuka, lori likaenda na mahindi yake na turubai lake na viatu alivyokuwa amevivua ili aendeshe vizuri. Alirudi nyumbani kwa miguu mitupu.

Yule mama wa Busiu hakumtukana. Alimwambia tu, "Ukipata utanipa." Na mume wangu alitaka kumpa, Mungu anajua. Lakini hebu nielezeni, ni lini mtu alipata katika miaka ile? Vita viliisha vikaanza vingine. Sukari tuliisikia kwa jina. Alipata lori jingine bovu, likala pesa zote alizopata. Akiweka akiba, pesa inakatwa sifuri, akiba inakuwa ya kununulia sabuni. Mama wa Busiu, kwa akili yake, hakuwahi kuhesabu deni kwa shilingi. Alihesabu kwa magunia. Arobaini yalikuwa arobaini, serikali ibadilike isibadilike.

Na Haji je? Haji wakati wa vita alijitolea kulinda nyumba yetu. Sisi tulikimbilia kwetu Budondo, yeye akabaki Mbale, na kusema kweli ulimi wake ulimsaidia. Siku zile raia wengi wakisikia Kiswahili walitetemeka, kwa sababu kilikuwa lugha ya kuambiwa lala chini. Haji aliwachekea wanajeshi meno yote nje, afande karibu, afande chai, afande kaa hapa. Tuliporudi milango haikuwepo, vitanda havikuwepo. "Wanajeshi, mulamu," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana na shemeji huku kwetu. "Wanajeshi hawana huruma." Mwaka uliofuata mke wake mdogo akajifungua, nikaenda kumpa hongera, nikamkuta amelala juu ya kitanda changu cha mninga. Nikampa hongera, nikambeba mtoto, nikatoka. Mume wangu aliniomba nisigombane na kaka yake, na mimi mume wangu nilimpenda, kwa hiyo nikanyamaza.

Mume wangu alikufa kwa figo, wakati nchi imeanza kupumua, maduka yanapakwa rangi, mabasi yanatembea tena. Alikufa siku ambazo hatimaye angeweza kulipa. Nilikuwa nimemkasirikia. Mtu hasemi hivyo kwenye msiba, lakini nilikuwa nimemkasirikia kwa kuniacha wakati ule hasa.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu mazishi, maana mambo yote yalitoka hapo. Kwetu Waislamu, kabla jeneza halijasaliwa, mtu mmoja wa familia husimama mbele ya watu na kuuliza: nani anamdai marehemu? Ajitokeze, aje aonane nasi, au kama anaweza amsamehe, ili ndugu yetu aende mwepesi. Ni desturi nzuri. Mara nyingi wenye madeni madogo wanasamehe palepale, wenye makubwa wanakuja baadaye kimyakimya, na familia inatafuta njia. Aliyesimama siku ile ni Haji, na kipaza sauti wakampa, kana kwamba alikihitaji.

Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nimejifunika leso, nimekwisha kulia mpaka sauti imekauka. Nje uani watu walijaa mpaka barabarani. Niliisikia sauti ya Haji ikiuliza habari ya madeni. Halafu pakawa na minong'ono ya watu, sauti nyingine sikuzisikia, wanawake wanalia karibu yangu. Halafu nikamsikia Haji tena, safari hii ameipandisha: "Nyumba ipo! Itauzwa! Deni la ndugu yangu litalipwa lote!" Watu wakaitikia amin. Mimi pale chini kwenye mkeka nikainua kichwa. Nyumba ipo? Nyumba gani? Nilitaka kusimama nikamuulize mbele ya umati, wale wanawake wakanishika mabega, wakaniambia tulia mama, subira. Nikatulia. Laiti wangeniacha.

Baada ya eda nikarudi kazini Jinja, na Haji akaanza kazi yake. Hakuna wiki iliyopita bila ujumbe kutoka kwake. Mara dereva wa basi ananiletea maneno, mara anakuja mwenyewe, anakaa kwenye kiti cha wageni cha shule, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anakunywa chai yangu na vipande vyangu vya mkate. Wimbo ulikuwa mmoja. "Mulamu, roho ya ndugu yangu imefungwa kwa deni. Haipandi, haitulii. Wewe unalala usingizi hapa Jinja, yeye kule anateseka. Mama wa Busiu amekataa kabisa. Anasema anataka haki yake, ama sivyo atashika shati letu siku ya kiyama. Uza nyumba, mulamu. Mteja nimekwisha kumpata."

Mteja! Marehemu hajaoza, mteja amekwisha kupatikana.

Nilimfukuza mara ya kwanza. Nilimfukuza na ya pili. Lakini akishaondoka nilibaki na maneno yake, na hayo hayafukuziki. Mimi ni mtu wa dini, si kwa maonyesho, lakini nimelelewa nikijua deni la maiti si mchezo. Nilianza kumwota mume wangu akitembea kwa miguu mitupu, ananitazama hasemi. Nikiamka nilikuwa na hasira na kila mtu. Niliwagombeza wasichana wa bweni kwa ajili ya shuka ambazo hazikuwa hata chafu. Nikamchukia mama wa Busiu pia, mwanamke ambaye kabla ya hapo nilikuwa namheshimu. Nilisema, mjane mwenzangu, anajua tulivyonyang'anywa, na bado anashika kisu. Binti yangu aliniambia niende Busiu nikazungumze naye ana kwa ana. Nikamwambia siendi kumwangukia mtu.

Si kwamba nilikuwa nakwepa kulipa. Kulikuwa na deni jingine dogo, la vipuri vya lori, kwa Mhindi mmoja wa Jinja aliyekuwa amerudi baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Alikuja mwenyewe langoni mwa shule, kofia mkononi, akasema, "Mama, pole sana, lakini biashara ni biashara." Nikamwambia pole yako na biashara yako vyote nimevisikia, njoo kila mwisho wa mwezi. Alikuja kila mwisho wa mwezi, hakukosa hata siku ya mvua, na nililipa mpaka mwisho. Hatukuwahi kupendana, lakini tulimalizana. Magunia arobaini ya mahindi, hayo mshahara wa metroni haukuyaweza.

Mkuu wa shule akaniita ofisini, akanipa mkono, akaniambia mwisho wa mwaka ndio mwisho wangu, na wa nyumba ya shule pia. Nikakaa nikapiga mahesabu bila karatasi. Nikiiuza nyumba ya Mbale, deni linaisha, mume wangu anapumzika, na mimi napanga chumba kimoja mahali fulani, mwanamke mzima wa miaka yangu, nagonga mlango wa mwenye nyumba kuomba anifungulie maji. Nisipoiuza, ninalala kwangu, na mume wangu je? Nilijaribu kujiambia kwamba Mungu ana rehema. Sikuweza kuamini kwa nguvu ya kutosha. Wiki ile ile nikampelekea Haji ujumbe: nakubali, mwite mteja.

Loo, alivyofurahi! Nilipofika Mbale ua ulikuwa umefagiwa na soda zimenunuliwa. Haji alikuwa amemwalika sheikh wetu wa mtaa ili awe shahidi, na mama wa Busiu ili apokee haki yake mbele ya watu. Mteja alikuwa mfanyabiashara mmoja kijana mwenye mfuko wa turubai aliouweka katikati ya miguu yake, na kila dakika anaugusa kuona kama bado upo. Wazee kadhaa wa jirani walikaa kwenye benchi. Mimi nilikaa kwenye mkeka mkabala na mama wa Busiu. Alikuwa amezeeka. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Alinitazama kwa dharau ambayo sikuielewa, maana mwenye haki ya kudharau nilidhani ni mimi.

Haji akafungua mkutano kwa maneno mengi juu ya umoja wa familia. Nilimwacha aseme, nilikuwa nimeshachoka. Alipomaliza, sheikh, mtu wa maneno machache, akasema kabla ya kuuza chochote deni litajwe na mwenyewe, mbele ya mashahidi, ili kesho pasiwe na maneno. Akamgeukia mama wa Busiu. "Mama, unamdai marehemu nini?"

"Marehemu simdai kitu," alisema.

Nilidhani sikusikia. Haji akacheka kidogo, akasema mama amechoka na safari.

"Sikuchoka," alisema mama. "Nimesema marehemu simdai. Nilimsamehe siku ya mazishi yake, hapa hapa uani. Haji alipouliza nani anadai, nilisimama upande wa wanawake nikasema, ni mimi, magunia arobaini, nami ninamsamehe kwa ajili ya Mungu, kwa sababu mali ilichukuliwa na wenye bunduki si yeye. Watu walinisikia. Haji akakishusha kipaza sauti. Akasema, mama kaa chini, familia yetu si mafukara wa kusamehewa mahindi. Kisha akakiinua tena: nyumba ipo, itauzwa, deni litalipwa lote. Akanikalisha mbele ya watu kama mwombaji. Basi nikasema vizuri, kama ni watu wa pesa na kiburi, na walipe." Akanigeukia mimi. "Nikadhani amesema kwa niaba yako. Nilingoja uje uniombe radhi hata kidogo. Hukuja."

Mtume! Nikawatazama wale wazee wa kwenye benchi mmoja mmoja. Walikuwepo wote siku ile. Mmoja akaanza kukuna goti, mwingine akatazama soda yake. Walisikia, wakajua, na miezi yote ile hakuna hata mmoja aliyenifungulia mdomo, kwa sababu Haji ni Haji na mimi ni mwanamke wa kutoka Budondo.

"Ni kweli, Haji?" aliuliza sheikh.

"Sheikh, ule ulikuwa msiba," alisema Haji. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Nilisema vile kulinda heshima. Watu wamejaa, mwanamke anasimama anatutangazia umaskini wetu. Mtu yeyote angesema. Nilijua baadaye tutayaweka sawa."

"Ungeyaweka sawa na nyumba ya nani?" nilimuuliza.

"Ya ndugu yangu, mulamu."

"Ya nani?"

Sheikh akainua mkono tunyamaze. Akasema msamaha ukishatoka mdomoni kwa nia safi umetoka, haurudi kwa sababu mtu mwingine ameukataa. Marehemu hakuwa na ulimi wa kuukataa. Marehemu yuko huru tangu kabla hajaingia kaburini. Lakini Haji naye alisimama mbele ya watu, ana akili timamu, hakulazimishwa, akaahidi kulipa. Ahadi hiyo ni yake, si ya mjane. Akamuuliza mama wa Busiu kama anamsamehe na Haji.

"Hapana," alisema mama. "Huyu alisema hasamehewi. Mimi namfuata alivyosema."

Kijana wa mfuko akasimama taratibu, akaaga, akaondoka. Nilimwonea huruma kidogo, alikuwa amekuja kutoka mbali. Mimi nilikaa pale nikalia, na nilipolia wote walidhani ni furaha. Furaha ilikuwemo. Lakini Haji alijua tangu siku ya kwanza. Kila alipokaa kwenye kiti cha wageni Jinja, na mkate wangu mdomoni, akaniambia mume wangu anateseka, alikuwa anajua kwamba hateseki.

Mama wa Busiu alinifuata jikoni baadaye. Tulisimama pale wajinga wawili. Nikamwambia, "Dada, mimi sikujua." Akaniambia, "Nimekwisha kuona hivyo." Akaomba maji, nikampa, tukazungumza habari za magoti yanayouma. Mpaka leo akija mjini anashukia kwangu.

Haji ilibidi alipe. Alijaribu kupunguza, mama akakataa. Alijaribu kuzungusha, sheikh akamkumbusha kila Ijumaa mbele ya watu wake. Mwishowe akauza kiwanja chake kidogo, kile kinachopakana na ua wangu kwa nyuma, chenye vyumba vya kupangisha vilivyokuwa vinamlisha. Na kwetu kiwanja hakiuzwi mpaka majirani wa mpaka waje, wauone mpaka, waweke sahihi. Jirani wa mpaka nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nimehamia, masanduku yangu yamepangwa kwenye chumba changu. Nilitoka kwa mlango wangu wa nyuma nikatembea hatua chache tu nikafika.

Tukazunguka mpaka, mwenyekiti wa mtaa mbele, tukionyeshana mimea ya alama. Mnunuzi akatoa pesa, Haji akazipokea, na palepale akamkabidhi mama wa Busiu mafungu yake. Mama akahesabu, akasema imetimia, akamwambia sasa nimekusamehe na maneno yako. Watu wakashukuru Mungu. Ilibaki sahihi yangu.

Sheikh akaona hiyo ndiyo nafasi. "Sasa na nyinyi mpeane mkono," alisema. "Nyinyi ni familia. Madeni yamekwisha yote."

Haji akanyoosha mkono. Alikuwa amekonda, na kanzu haikupigwa pasi. "Mulamu," alisema, "yaishe."

"La mume wangu lilikwisha siku aliyozikwa," nilisema. "La dada huyu limekwisha leo. Langu bado."

"Unamdai nini tena, mama?" aliuliza sheikh, na niliona ameshachoka na sisi.

"Usiku wote niliomlilia mume wangu nikidhani anaadhibiwa," nilisema. "Naye alijua haadhibiwi. Anirudishie huo kwanza."

Haji akabaki na mkono wake umenyooka mbele yangu, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, nikayaona. Nikamwomba mwenyekiti kalamu. Nikaweka sahihi yangu kama jirani, nikaandika na tarehe, nikaingia ndani kwangu.